Likizo ya Ziwani: Baba Anapiga Kasia, Watoto Wanaogelea, Mama Je?

Najua wiki hii yote mmehamia kwenye ukurasa wa yule staa wetu wa filamu, mwenye mume mfanyabiashara na watoto watatu. Jina silitaji, utaratibu wa hapa kijiweni mnaujua, mwenye macho haambiwi tazama. Kaichukua familia nzima, wakaenda kukaa siku 6 kwenye kibanda cha mbao kando ya Ziwa Bunyonyi, kule Uganda milimani. Kaachia picha 14 kwa mpigo, na chini yake kaandika "samaa vekesheni na watu wangu".

Basi vita ikaanza. Kuna waliosema mtu una hela zako zote hizo unaendaje kulala kwenye banda la mbao, si bora Dubai? Kuna walioshikilia hiyo "samaa", wanauliza samaa gani wakati Juni sisi tuko kwenye kipupwe na watu wa Njombe wanaota moto. Hao kidogo nilicheka, wana pointi. Halafu kuna kundi la tatu, kubwa kuliko yote, lililokesha likijadili viatu vya mume wake kama ni orijino au ni vya Kariakoo.

Mimi viatu sikuviona. Picha nimezipitia zote, mara mbili, moja moja. Watoto wapo kwenye picha 11. Baba yupo kwenye 7: yuko kwenye mtumbwi, yuko kwenye kiti cha uvivu, kashika fimbo ya kuvulia, anaruka majini. Mama mwenye ukurasa wake, staa ambaye kazi yake ya kila siku ni kupigwa picha, yupo kwenye 1 tu. Na kwenye hiyo moja kasimama mlango wa jikoni, kashika mwiko, anacheka.

Subiri, sijamaliza. Kuna mtu wa sita kwenye safari hiyo ambaye hakuna aliyemtaja. Ni dada wa kazi. Picha moja unaona mkono wake tu umeshika taulo. Nyingine yuko nyuma kabisa, kambeba yule mdogo mgongoni, na sura yake imekatwa na ukingo wa picha. Komenti zimefika maelfu na hakuna hata mmoja aliyeuliza, "Huyu naye kapumzika?"

Sasa tuelewane mapema. Sijui yaliyotokea ndani ya kile kibanda, na wala simsemi mume wa mtu. Inawezekana kabisa baba alipika siku zote 6 na hakuna aliyempiga picha. Ninachosema hakihusu nyumba yao tu, kinahusu nyumba zetu karibu zote. Na msimamo wangu ni huu: likizo ya familia ambayo mama hapumziki na dada hapumziki siyo likizo ya familia. Ni likizo ya baba na watoto, na jiko limehamishwa kilomita nyingi kulifuata ziwa.

Kwanza lakini niwajibu watu wa Dubai, maana wamekosea sana.

Bunyonyi siyo porini kwa maana mnayoidhani. Liko kusini magharibi mwa Uganda, karibu na mji wa Kabale, sio mbali na mpaka wa Rwanda. Liko karibu mita 1,960 juu ya usawa wa bahari, wakati sisi wa Dar tunaishi pale pale bahari ilipo, kwa hiyo ukitoka hapa ukafika kule asubuhi unavaa sweta na bado unajikunyata. Ukungu unalala juu ya maji, vilima vimelimwa matuta mpaka kileleni, na katikati ya ziwa kuna visiwa 29. Jina lenyewe linamaanisha mahali pa ndege wadogo wengi. Viboko hamna, mamba hamna, ndiyo maana watu wanaogelea bila kuangalia nyuma. Zamani lilikuwa bonde tu. Lava ya volkano ikaziba njia ya maji, bonde likajaa, likawa ziwa.

Unaweza kwenda kwa basi kupitia Bukoba na mpaka wa Mutukula, au ukaruka mpaka Kigali ukamalizia kwa barabara. Ukiwa na pasi yako ya kusafiria na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, wewe ni mwana Afrika Mashariki, hakuna viza ya kuhangaikia. Mtu anayekwambia hiyo ni safari ya kishamba mwache aendelee kupiga picha kwenye maduka makubwa ya watu.

Na huo mtindo wa familia kuhamia kibanda cha ziwani haujaanza kwa huyu staa wetu. Tumeulea kwenye filamu za Marekani. Kule shule zikifungwa majira ya joto ni karibu miezi 3, na familia nyingi zinakimbilia kwenye maziwa. Lile Lake Tahoe, mpakani mwa California na Nevada, liko milimani karibu mita 1,900, kina chake kinapita mita 500, na pembeni kumejaa vibanda vya mbao vya namna hiyo. Umeona kwenye filamu: gari limejaa mabegi, watoto wanakimbilia majini kabla halijazimwa, baba anawasha moto wa kuchomea nyama. Tamu sana. Ila rudia hiyo filamu utazame vizuri. Kuna mtu kainama anatoa kitu kwenye oveni.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Hoteli na kibanda ni vitu viwili tofauti. Hotelini unaamka, chai ipo, kitanda kinatandikwa na mtu anayelipwa kukitandika. Kibanda mnapewa funguo. Kina jiko, sufuria, sahani na vitanda, basi. Kwa familia ya watu wengi ni unafuu, maana kulisha watoto watatu kwenye mgahawa wa watalii siku 6 ni kutafuta ugomvi na pochi. Lakini jiko halipiki lenyewe. Kibanda hakina mhudumu, mhudumu mnaenda naye kutoka nyumbani. Anaitwa mama.

Hebu hesabu naye kazi. Kabla ya safari, nani aliyetafuta pasi za watoto? Nani aliyejua yule wa kati sweta lake limembana na huko kuna baridi? Dawa ya kifua, kadi za chanjo, nguo za ndani za siku 6 mara watoto watatu, chaja, maziwa ya mdogo. Mkifika, wote mnakimbia kuliona ziwa, yeye anafungua kabati za jiko kuangalia kama kuna chumvi. Asubuhi chai, kabla vyombo havijakauka watu wanauliza mchana tunakula nini. Watoto wanatoka majini wanatetemeka, nguo zimelowa, na kwa ukungu ule nguo haikauki mpaka kesho. Mmoja anaanza kukohoa usiku, nani anayeamka? Halafu jioni, jua likiwa zuri, mwanga ule mnaoupenda wa picha, anaambiwa "mama Fulani, hebu tupige hapa tukiwa wote". Wote hao mtoe yeye, maana yeye ndiye aliyeshika simu.

Ndiyo maana yupo kwenye picha 1.

Mama yangu mzazi ana albamu ya zamani, zile za nailoni zinazonata. Desemba karibu zote za utoto wetu tulikwenda Lushoto kwa bibi, na mimi nilikuwa naiona Lushoto ni pepo. Matunda, ukungu, kushuka na maboksi kwenye miteremko. Picha zipo nyingi. Mama hayupo. Kuna moja tu unaona kiwiko chake upande wa kushoto, anamenya viazi. Alikuwa akishuka kwenye basi anavua viatu vya safari, anavaa kandambili, anaingia jiko la kuni la bibi, na huko ndiko anakoishi mpaka siku ya kurudi Dar. Juzijuzi nimemuuliza, mama, wewe ukikumbuka Lushoto unakumbuka nini? Hakufikiria hata sekunde. Kasema, "Moshi."

Sisi tunakumbuka ukungu, yeye anakumbuka moshi. Milima ile ile, wiki zile zile, familia ile ile.

Na tusimalizie kwa mama, maana wengi mkisikia hivi mnasema "ndiyo, ndo maana tunamchukua beki tatu". Sawa, mmemchukua. Naye ni nani? Ni msichana, mara nyingi ni mdogo kwako kwa umri, ametoka kwao akaja kwako kutafuta maisha. Sasa nikwambie kitu ambacho matajiri wengi wa Insta hawataki kukisikia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikumbagua dada wa kazi. Mfanyakazi haruhusiwi kuzidishiwa saa 45 za kawaida kwa wiki, anatakiwa kupata walau saa 24 mfululizo za kupumzika kila wiki, na ana siku 28 za likizo yenye malipo kwa mwaka. Hizo siku 28 ni zake. Ni za kwenda kwao kumuona mama yake, au kulala tu mpaka saa 4 asubuhi bila mtu kumwita.

Kwa hiyo ukimbeba ukampeleka ziwani kuosha vyombo vyako kwenye baridi, hiyo siyo likizo yake, ni kazi ya mbali na nyumbani. Kazi siyo dhambi. Dhambi ni kumpeleka kazini halafu ukarudi unamwambia "si ulishapata likizo kule Uganda?" Nimeyasikia maneno hayo kwa masikio yangu, tena kwa watu wanaojiita wasomi.

Najua komenti zinazokuja, ngoja nizijibu kabisa.

"Mama anapenda kupika, hakuna aliyemlazimisha." Inawezekana. Lakini mtu anayependa kitu anakifanya akitaka. Wewe mpe siku mbili ambazo hakuna anayemuuliza "tunakula nini", halafu uone kama ataingia jikoni kwa mapenzi au ataenda kukaa gatini aning'inize miguu kwenye maji. Akiingia jikoni, sawa, nitakuja hapa niandike kwamba umenishinda.

"Dada wa kazi kapata bahati, wangapi wanapanda ndege?" Ndege kapanda, sikatai. Ila kuliona ziwa kupitia dirisha la jikoni siyo kutalii. Mwulize alipanda mtumbwi? Alikwenda kisiwani? Au alibaki na mtoto mgonjwa ninyi mkienda?

"Wewe unaleta mambo ya Kizungu kwenye ndoa zetu." Hii ndo naipenda kuliko zote. Yani kibanda cha mbao siyo cha Kizungu, samaa vekesheni siyo ya Kizungu, ila mama kukaa chini ndo Uzungu? Mnachagua.

Tena mkienda Bunyonyi waendesha mitumbwi watawaonyesha kisiwa kidogo sana, nyasi na mti, kinaitwa Akampene. Watu wanakiita Kisiwa cha Adhabu. Zamani, mpaka ndani ya karne ya 20, binti wa Kikiga akipata mimba kabla ya ndoa alipelekwa pale na kuachwa afe njaa, au azame akijaribu kuogelea. Wakati mwingine alikuja mwanaume maskini asiye na ng'ombe wa mahari akamchukua bure awe mke wake, ndiyo ikawa pona yake. Yule aliyempa mimba hakupelekwa kisiwani. Alibaki nchi kavu anakula.

Sisemi mama kupika likizoni ni sawa na hayo, msinilishe maneno. Nasema tu kwamba hata ziwa zuri namna hiyo lina historia ya watu kupeana mizigo bila usawa, na siku zote kulikuwa na wanaosema "ndivyo tulivyozoea". Mazoea siyo hoja. Watalii wote mnasikitika mkikiona kile kisiwa, mnapiga picha, mnarudi kibandani mnauliza chakula kiko tayari?

Basi tufanyeje? Mimi siyo mtu wa kulalamika bila dawa. Hizi hapa, na hakuna hata moja inayotaka uwe tajiri.

Moja, jiko ligawanywe kabla hamjaondoka, sio mkifika. Mkiwa siku 6, baba siku zake, mama siku zake, na watoto wakubwa siku yao, hata kama ni mkate na mayai. Siku ya baba ni ya baba kuanzia kuwaza menyu mpaka kuosha sufuria. Kukoroga mara moja halafu ukaacha masinki yamejaa siyo zamu, hiyo ni maonyesho.

Mbili, tengeni hela ya kula nje walau mlo mmoja kwa siku. Bunyonyi wana kamba wa maji baridi wanaovuliwa mle mle ziwani, wanapikwa na wenyeji wanaojua kuwapika. Punguza siku moja ya safari, ongeza milo. Siku 5 ambazo wote mmepumzika ni bora kuliko 6 ambazo wawili wamechoka.

Tatu, dada wa kazi. Ama mpe likizo yake aende kwao na mshahara wake mkononi, ninyi mkaangalie watoto wenu wenyewe. Ama mchukue, mkubaliane saa zake mapema, mlipe za ziada, na awe na siku yake nzima ya kupanda mtumbwi akiwa amevaa jaketi la kuokolea kama watalii wengine. Na hizo siku zisihesabiwe kwenye zile 28. Hakuna njia ya tatu.

Nne, simu ya picha izunguke. Kila siku apige mtu mwingine. Hii haina gharama hata senti, na miaka 20 ijayo ndiyo itakayoonyesha mama alikuwepo.

Na kama Bunyonyi ni mbali, msijifungie ndani mkisubiri hela ya Uganda. Pale Tengeru, nje kidogo ya Arusha, kuna Ziwa Duluti, ziwa la kreta lenye msitu kulizunguka, na mitumbwi ipo. Kanuni ni zile zile. Hata mkienda kwa bibi Lushoto ni zile zile. Ukienda kwa bibi, bibi naye umkalishe.

Ninyi kina kaka mnaosoma hapa, ambao bado hamjaoa, nawaambia ninyi hasa. Mko kwenye komenti mnaandika "malengo ya familia" na vikopa vyekundu. Sawa, lengo zuri. Ila mkiweka hilo lengo mjiulize mmejiona nani kwenye ile picha. Wote mmejiona kwenye mtumbwi. Hakuna aliyejiona ameshika mwiko. Sasa nani atakayepika kwenye hilo lengo lenu? Na kina dada, ninyi nao mmejiona wapi? Mkijiona mlangoni mwa jikoni mnacheka, tuzungumze.

Kwa staa wetu, kama utapita hapa: dada, picha ni nzuri, ziwa ni zuri, watoto Mungu awakuze. Mwakani uende tena. Ila tunataka kukuona wewe kwenye mtumbwi, miguu juu, na huyo shemeji yetu na viatu vyake orijino amesimama mlangoni na mwiko. Na yule dada anayewabebea mtoto tumwone sura nzima, tena anacheka.

Haya, kazi kwenu. Chukua simu yako sasa hivi, fungua picha za safari ya mwisho ya familia yenu, iwe ya ziwani, ya kijijini au ya Bagamoyo siku moja tu. Mtafute mama yako humo. Hesabu. Halafu uje hapa chini uandike namba tu, bila maelezo. Tuone nani anafikisha tano.